Larsson hakuchelewa, alipangwa namba isiyo yake

Najua nimepotea, lakini anayejua majaribio ya chuo yalivyobanana na jinsi bumu linavyosuasua atanisamehe bila kuombwa. Leo siandiki habari za bumu. Leo ni mpira. Ila wale msiopenda mpira msikimbie, kuna mahali mbele nitawagusa na ninyi, hasa wenzangu wa ualimu mliorudi juzi kutoka mazoezi ya kufundisha.

Chanzo ni ubishi wa banda umiza. Tulikaa na washkaji tukisubiri mechi, mwenzangu wa chumbani (shabiki wa Arsenal, msimcheke) akaanza kumwaga sifa za Viktor Gyökeres. Kwamba jamaa alisajiliwa Brighton mwaka 2018, hakuchezeshwa hata mechi moja ya Ligi Kuu ya Uingereza, wakamzungusha kwa mkopo St. Pauli ya Ujerumani, Swansea, kisha Coventry. Coventry wakamchukua moja kwa moja, akaanza kufunga. Mwaka 2023 Sporting ya Lisbon wakamnunua akiwa na miaka 25, na msimu wa 2024/25 akapiga mabao 54 katika mechi 52 za mashindano yote, matatu kati ya hayo akiwafunga Manchester City usiku mmoja. Ndipo Arsenal wakatoa hela mwaka 2025. Mwenzangu akafunga hoja kama profesa: "Waswidi ndivyo walivyo, wanachelewa kuiva. Hata Larsson alichelewa."

Hapo kwenye Larsson ndipo niliposhindwa kukaa kimya. Gyökeres mtajuana wenyewe. Lakini kusema Henrik Larsson alichelewa kuiva, hapana jamani. Nilibisha mpaka mechi ikaanza, nikabisha wakati wa mapumziko, nikabisha njiani tukirudi hosteli, na sasa namalizia hapa ambapo hakuna wa kunikata kauli.

Niseme ukweli kwanza: mimi Larsson sikumwona akicheza. Alipotundika daluga mwaka 2009 nilikuwa naanza darasa la kwanza, sijui hata mpira unapulizwaje. Nimemjua kupitia baba yangu mdogo, ambaye hana imani na straika yeyote aliyezaliwa baada ya mwaka 1980, na baadaye kupitia video nilizotazama kwa bando la usiku wakati wenzangu wanasoma. Kwa hiyo nikikosea mnirekebishe, ila njooni na hoja.

Larsson alizaliwa Septemba 1971 huko Helsingborg, mji wa bandari kusini mwa Uswidi. Baba yake alitoka visiwa vya Cape Verde, mama ni Mswidi, na wazazi wakaona mtoto atumie jina la ukoo wa mama ili maisha yamwendee vizuri kidogo kule. Jina lilisaidia kwenye karatasi, rangi ilibaki palepale, na shuleni alitukanwa kama wanavyotukanwa watoto wengi wa namna yake. Alikuwa mdogo wa umbo pia. Alianzia kwenye timu ya mtaani kwao, Högaborg, na kufikia miaka ya mwanzo ya ujana wake mkubwa alikuwa bado anachanganya mpira na kibarua cha kufungasha matunda. Mnaona picha hiyo? Miaka 19, 20, umri ambao Messi tayari alikuwa Messi, huyu anapanga matunda kwenye maboksi.

Mwaka 1992 akaingia Helsingborgs IF, timu kubwa ya mji ambayo wakati huo ilikuwa daraja la pili na ilikuwa haijaonja ligi kuu tangu mwaka 1968. Msimu wake wa kwanza tu akafunga mabao 34. Thelathini na nne! Timu ikapanda. Mwaka uliofuata akiwa ligi kuu akaongeza 16. Naomba mshike namba hizi mbili, 34 na 16, maana kesi yangu yote inasimama hapo. Huyu ni mtu wa miaka 21 na 22. Aliyekuwa na macho ameona.

Novemba 1993 Feyenoord ya Uholanzi wakamchukua. Na hapa ndipo ile hadithi ya "kuchelewa" inapoanzia. Miaka minne pale, mechi 101 za ligi, mabao 26. Ukisoma namba hizo bila kuuliza kitu utasema kijana wa kawaida, alikuja Ulaya ya wakubwa akashindwa. Lakini uliza alikuwa anachezeshwa wapi. Mara pembeni, mara nyuma ya straika, mara anaanza, mara yuko benchi, mara anatolewa kabla gemu halijaisha. Makocha wakabadilika, kila mmoja na wazo lake. Mtu aliyezoea kukaa mdomoni mwa goli, mwenye akili ya kujua mpira utadondokea wapi kabla haujapigwa, unamweka pembeni akimbizane na mabeki wa pembeni, halafu mwisho wa msimu unahesabu mabao yake unashangaa.

Cha kuchekesha ni kwamba katikati ya miaka hiyohiyo ya "kushindwa" alikuwa anakwenda timu ya taifa na mambo yanakubali. Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani, robo fainali dhidi ya Romania, penati zimefika ya sita, aliyepewa mpira ni kijana wa rasta mwenye miaka 22. Akafunga, kipa Ravelli akadaka ya Waromania, Uswidi nusu fainali. Kwenye mechi ya mshindi wa tatu dhidi ya Bulgaria akafunga tena, wakashinda 4-0. Huyo ndiye aliyekuwa hajaiva?

Majira ya joto ya 1997 yakatokea mabishano ya mkataba kati yake na Feyenoord, wanasheria wakaingia, na mwisho akaruhusiwa kuondoka kwa pauni 650,000. Aliyemchukua ni Wim Jansen, Mholanzi aliyemfahamu tangu Feyenoord na ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepewa Celtic ya Uskochi. Mnielewe vizuri hapa, maana mwenzangu wa chumbani aliruka hatua hii kabisa. Larsson hakwenda Celtic kwa sababu dunia imegundua kipaji. Alikwenda kwa sababu mtu mmoja, mmoja tu, alikuwa na kumbukumbu nzuri. Jansen asingepata kazi ile mwaka ule, sijui leo tungekuwa tunabishana nini.

Na mwanzo wenyewe ulikuwa kituko. Mechi ya kwanza ya ligi, ugenini kwa Hibernian, Agosti 1997. Larsson anaingia kutoka benchi, anapiga pasi, pasi inamfikia mpinzani anayeitwa Chic Charnley, Charnley anaachia shuti, goli. Celtic wakalala 2-1. Fikiria ungekuwa shabiki wa Celtic siku ile. Timu yako haijachukua ubingwa tangu 1988, mahasimu wenu Rangers wameuchukua mara tisa mfululizo na wanautafuta wa kumi, halafu unaletewa jamaa wa rasta kutoka Uholanzi, mabao 26 katika miaka minne, na zawadi yake ya kwanza ni hiyo. Mimi ningezomea. Tuwe wakweli, na wewe ungezomea.

Lakini Jansen hakumwondoa. Hili ndilo naliona kubwa kuliko mabao yote yaliyofuata. Alimwacha, akamsogeza karibu na goli, akaendelea kumpanga. Mei 1998 siku ya mwisho ya ligi, nyumbani dhidi ya St Johnstone, Celtic wanatakiwa kushinda ili Rangers wasifikishe kumi. Dakika chache tu baada ya mpira kuanza, Larsson anaingia kutoka kushoto, anaukata ndani, anaupinda kona ya mbali. Ikaisha 2-0, ubingwa ukarudi. Jansen mwenyewe akaondoka siku chache baadaye kwa kutoelewana na viongozi. Alikaa msimu mmoja tu. Wakati mwingine mtu anapita kwenye maisha yako mwaka mmoja, anakupanga unapostahili, anakwenda zake.

Kilichofuata hata mashabiki wa Rangers wanakijua kwa moyo, japo hawapendi kukisimulia. Miaka saba, mabao 242, ubingwa mara nne. Oktoba 1999 mguu ukavunjika sehemu mbili kule Lyon, kwenye Kombe la UEFA. Ile video msiitazame mkiwa mnakula. Watu wakasema basi, imekwisha. Mei 2000 akarudi uwanjani, Juni akawa na Uswidi kwenye Kombe la Ulaya na akawafunga Italia. Msimu uliofuata, 2000/01, chini ya Martin O'Neill, akafunga 53 kwa jumla, 35 kati ya hayo ya ligi, akachukua Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Mwezi Agosti wa msimu huo kuna bao lile dhidi ya Rangers, siku waliyowapiga 6-2, alipomwinulia kipa Klos mpira juu ya kichwa kama mtu anayerusha kofia juu ya kabati. Nimelitazama mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha saikolojia ya elimu. Mhadhiri wangu asipite hapa.

Sasa hoja ya mwenzangu, na si ya kupuuzwa: "Ligi ya Uskochi ni timu mbili, zingine zinasindikiza." Kweli. Nakubali. Kule hata kipindi hicho ulikuwa unajua mshindi wa kwanza na wa pili kabla ligi haijaanza, kilichobaki ni nani awe nani. Kama ushahidi ungeishia pale, ningenyamaza.

Lakini haukuishia pale. Mei 2003, fainali ya Kombe la UEFA mjini Sevilla, Celtic dhidi ya Porto ya José Mourinho. Larsson alifunga mawili, yote ya kichwa, mtu asiye mrefu! Mara mbili Porto wakaongoza, mara mbili yeye akasawazisha. Wakafungwa 3-2 muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata Porto ileile karibu yote ilibeba Ligi ya Mabingwa. Hao ndio aliowafunga mawili. Kabla ya hapo, Kombe la Dunia la 2002, aliwafunga Nigeria mawili na Senegal moja, ingawa Senegal ndio waliowatoa kwa bao la dhahabu la Henri Camara (na nakiri, ningekuwepo ningeshangilia Senegal, samahani mzee Larsson).

Kisha Barcelona. Mwaka 2004 alikwenda bure akiwa anakaribia miaka 33, umri ambao wengine wanafungua duka. Novemba tu goti likaumia kwenye mechi na Real Madrid, msimu karibu wote ukaenda. Akarudi. Mei 17, 2006, Paris, fainali ya Ligi ya Mabingwa, Arsenal wako kumi uwanjani lakini wanaongoza 1-0. Dakika ya 61 Larsson anaingia. Dakika ya 76 anamgusia Eto'o, bao. Dakika ya 80 anampa Belletti, bao. Dakika ishirini, pasi mbili, kombe. Thierry Henry, aliyekuwa upande ule mwingine, alisema baada ya mechi kwamba watu wanamzungumzia Ronaldinho na Eto'o lakini aliyeigeuza mechi ni Larsson. Nilipofika hapa mwenzangu wa Arsenal aliomba tubadilishe mada.

Ya Manchester United nayapitia haraka: aliazimwa kwa muda mfupi mwanzoni mwa 2007, akafunga mechi ya kwanza, akawafunga Lille, Ferguson akataka abaki, yeye akasema aliahidi kurudi Helsingborg, akarudi. Ndiyo hivyo. Uswidi alimaliza na mechi 106 na mabao 37.

Sasa turudi kwenye neno "kuchelewa". Alifika Celtic akiwa na miaka 25, karibu 26. Watu wanaangalia umri huo wanasema alichanua akiwa mkubwa. Mimi nasema rudini kwenye 34 na 16. Mti ulishatoa maua mwaka 1992, tena hadharani, Helsingborg nzima ikiona. Kisha ukahamishwa ukawekwa kivulini miaka minne, na waliouweka kivulini ndio walioandika ripoti kwamba hauzai. Aliyechelewa ni nani hapo?

Hili linaniuma kwa sababu isiyohusu mpira, na ndipo nilipowaahidi wasiopenda mpira.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha pili, Historia. Shule siitaji, mkoa siutaji. Kulikuwa na kijana mmoja wa nyuma kabisa, nusu muhula hajawahi kunyoosha mkono. Nikimuuliza anasimama, anatazama chini, anakaa. Jaribio la kwanza alipata 19, la pili 22. Nikamuuliza mwalimu mwenyeji, mtu mzima, mkarimu sana kwangu, akaniambia, "Mwanangu, huyo usijichoshe naye. Wa hivyo tunawapata kila mwaka." Nikamwamini. Shikamoo zote na chai ya saa nne aliyokuwa ananikaribisha, ningeanzaje kumbishia? Mwisho wa muhula nikajaza fomu, mbele ya jina lake nikaandika kwa mkono wangu: uwezo mdogo.

Wiki moja kabla sijaondoka napita nyuma ya darasa saa ya mapumziko, nasikia mtu anasimulia vita vya Majimaji. Kinjekitile, maji, Wajerumani, njaa iliyofuata baada ya vita, na kwa nini watu waliamini. Kwa nini! Kile kipengele ambacho darasa zima walikariri bila kukielewa, yeye anawaeleza wenzake watano kwa Kiswahili, amechuchumaa, anachora ramani chini kwa kijiti. Nikachungulia. Ni yeye. Aliponiona akanyamaza, akafuta ramani kwa mguu.

Wote mnajua shida ilikuwa wapi. Miaka saba ya shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, kafika sekondari, nasimama mbele yake na Kiingereza changu hiki ambacho na mimi nakiokotea okotea, namuuliza maswali, hajibu, naandika hajui. Nilimpanga pembeni nikahesabu mabao yake. Najua sikuitunga mimi sera ya lugha, na mtihani wa taifa utamkuta kwa Kiingereza hata ningefanya nini. Lakini ile sentensi kwenye fomu haikuandikwa na wizara. Na sikuirekebisha. Nilikuwa na siku tano nzima za kuirekebisha, nikaona aibu kurudi kwa yule mwalimu kumwambia kwamba tumekosea, nikapanda basi.

Mwenzangu wa chumbani anasema nachanganya madesa, kwamba si kila aliye benchi ni Larsson, wengine wako benchi kwa sababu ni wabovu. Ni kweli. Katika Uholanzi ya miaka ile walikuwepo mawinga wengi waliofunga kidogo kwa sababu walikuwa wa kufunga kidogo, na hakuna Jansen aliyekuja kuwachukua wala hapakuwa na cha kuchukua. Tofauti ni kwamba wa Larsson kulikuwa na rekodi ya kuangalia, mabao yamekaa pale kwenye karatasi. Na mimi nilikuwa na rekodi. Niliiona kwa macho yangu imechorwa ardhini.

Namba ya simu ya mwalimu wa darasa lile ninayo. Ujumbe nimeuandika mara mbili nikaufuta, sijui mwanafunzi wa mazoezi anaanzaje kuomba fomu aliyoijaza mwenyewe itolewe kabatini. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Kama kuna mwenzangu aliyewahi kufanya kitu kama hicho aniambie alianza vipi, baada ya shikamoo anaweka nini.